Pabu Iliyorudi Jikoni

Bray ni kijiji kidogo cha Berkshire, ukingoni mwa mto Thames. Ukitoka London kwa treni unashuka Maidenhead, na kutoka hapo mtu mwenye miguu mizima hafikirii hata kuita teksi. Kuna kanisa la kale, nyumba chache za mbao na matofali, na jambo ambalo miji mikubwa mingi ya Ulaya haina: mikahawa miwili iliyofikia nyota tatu za Michelin. Waterside Inn ilifunguliwa mwaka 1972 na ndugu wawili Wafaransa, Albert na Michel Roux, ikapata nyota ya tatu mwaka 1985. Fat Duck ya Heston Blumenthal ilifunguliwa 1995, nayo ikaipata ya tatu mwaka 2004. Kabla ya hapo, majengo yote mawili yalikuwa pabu za kawaida za kunywea bia.

Karibu na Fat Duck ipo nyumba nyingine, Hinds Head, yaani Kichwa cha Paa Jike. Jengo ni la karne ya 15: dari la chini, boriti nyeusi, kuta zilizofunikwa mbao za mwaloni, meko. Blumenthal aliinunua mwaka 2004. Kule Fat Duck alikuwa amejulikana kwa kupika kama mtu wa maabara, lakini hii aliiacha ibaki pabu, ila pabu yenye jiko kali. Mezani huja chipsi zilizopikwa mara tatu, yai lililovikwa nyama ya soseji na kukaangwa, na pudingi ya Kiingereza ya zamani iliyo laini hata hutikisika sahani ikiguswa. Mwongozo wa Michelin wa 2013 uliipa nyota moja.

Nyumba za namna hii Waingereza wanaziita gastropabu. Nusu ya kwanza ya jina ni tumbo kwa Kigiriki. Nusu ya pili ni ufupisho wa maneno yenye maana ya nyumba ya umma, na hiyo ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu historia ya pabu ya kijiji ni historia ya nani anahesabiwa kuwa umma na nani anabaki nje akisoma menyu dirishani.

Bray yenyewe inafaa kwa kisa hiki. Waingereza husimulia habari za kasisi wa kijiji hicho aliyeishi karne ya 16, wakati wafalme walipokuwa wakibadilisha dini ya nchi kila baada ya miaka michache. Alikuwa Mkatoliki, akawa Mprotestanti, akarudi kuwa Mkatoliki, akamaliza Mprotestanti, na katika zamu zote hizo hakupoteza parokia yake. Sisi tungesema bendera hufuata upepo na kumcheka. Lakini pabu ya kijiji imeishi kwa hila hiyohiyo.

Ilizaliwa jikoni. Katika Uingereza ya karne za kati kupika pombe ilikuwa kazi ya wanawake. Mama alipika ya nyumbani kwake, na iliyozidi akawauzia majirani. Akichomeka mlangoni mti wenye kitita cha majani, kijiji kilijua pombe imeiva. Msomaji aliyekulia jirani na kilabu cha mbege au busaa hahitaji kuelezwa zaidi. Wateja walikaa jikoni kwake, kwa kuwa kwenye baridi ile jiko ndilo lililokuwa na moto.

Serikali haikuchelewa kuingilia. Sheria ya mwaka 1266 au karibu na hapo ilifunga bei ya mkate na ya pombe kwenye bei ya nafaka, na vijiji vikawa na waonjaji rasmi, watu walioapishwa kuonja pombe ya kila mama kabla haijauzwa. Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliamuru kila mpika pombe wa London anayeuza aning'inize alama nje. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama zilikuwa picha. Nembo ya mfalme huyo ilikuwa paa dume mweupe, na mpaka leo White Hart ni miongoni mwa majina ya pabu yaliyoenea sana Uingereza.

Kilichomtoa mama yule kwenye biashara kilikuwa ua. Hopsi, ua chungu kutoka upande wa pili wa bahari, nchi za Flanders, lilianza kuingia katika pombe ya Kiingereza karne ya 15. Pombe ya zamani ilichacha baada ya siku chache, kwa hiyo ilipikwa kidogo kidogo, kila nyumba kwa zamu yake. Bia yenye hopsi ilikaa miezi na kusafiri. Pombe inayosafiri hupikwa kwa wingi, kupika kwa wingi hutaka mitungi mikubwa na mtaji, na mtaji siku zile ulikuwa mikononi mwa wanaume. Polepole sufuria ikahama jikoni kwenda kiwandani.

Mwaka 1552 Bunge liliamua kwamba mwenye nyumba ya pombe awe na leseni ya mahakimu. Mwaka 1577, serikali ilipotaka kuwatoza kodi, nyumba zilihesabiwa katika sehemu kubwa ya nchi. Zilipatikana nyumba za pombe zaidi ya 14,000, nyumba za wageni zaidi ya 1,600, na nyumba za mvinyo zaidi ya 300. Tofauti zake zilikuwa za kitabaka. Mvinyo ulikuwa wa wenye fedha mjini. Nyumba ya wageni ilikuwa na vitanda, zizi la farasi na nyama ya kuoka kwa msafiri. Nyumba ya pombe ilikuwa ya kibarua. Gastropabu ya leo hupenda kujinasibisha na ile nyumba ya wageni, lakini nyingi ni wajukuu wa nyumba ya kibarua.

Nyumba za wageni zilistawi enzi za magari ya farasi, kisha reli ya karne ya 19 ikazinyang'anya wasafiri karibu kwa mkupuo. Wakati huohuo, mwaka 1830, serikali ya Waziri Mkuu Wellington ilipitisha sheria ya bia. Mlipa kodi yeyote akilipa gini mbili kwa mwaka aliruhusiwa kuuza bia nyumbani kwake bila kumwomba hakimu. Nia ilikuwa kuwavuta watu kutoka kwenye pombe kali ya jini na kuvunja nguvu za wenye viwanda. Ndani ya nusu mwaka zilifunguliwa nyumba mpya zaidi ya 24,000. Wenye viwanda walijibu kwa fedha: walizinunua pabu moja baada ya nyingine, na kila waliyoinunua ikafungwa kwenye bia yao. Mpangaji aliuza bia ya kiwanda chake, kwa bei ya kiwanda chake, basi.

Hapo ndipo chakula kilipopungukiwa na mtetezi. Kiwanda kilihesabu mapipa, si sahani. Pabu ya kijiji ikabaki na jibini, kitunguu cha siki, yai la siki ndani ya chupa, na kuanzia miaka ya 1920 pakiti za viazi vikavu za Frank Smith wa London, kila moja na chumvi yake iliyosokotwa katika karatasi ya buluu. Chumvi huleta kiu. Sidhani kama kiwanda chochote cha bia kililalamika.

Sura ninayoipenda katika historia hii inatoka mahali ambapo wapenda chakula huwa hawatazami: serikalini, wakati wa vita. Mwaka 1915 kiwanda kikubwa cha baruti kilianza kujengwa Gretna, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na punde maelfu ya wafanyakazi walikuwa wakishuka Carlisle jioni na mishahara mifukoni. Waziri Lloyd George alikuwa amekwisha kuitaja pombe kuwa adui mkubwa kuliko Mjerumani. Saa za kufungua pabu zilikatwa, na katika maeneo yaliyowekwa chini ya udhibiti ikawa kosa kumnunulia mwenzako kinywaji. Kwa mtu wa kwetu aliyezoea kuitwa mchoyo asipotoa raundi, hiyo ni sheria ya ajabu.

Mwaka 1916 serikali ikaenda mbali zaidi: ilinunua pabu na viwanda vyote vya bia vya Carlisle na maeneo ya jirani. Mameneja wakawa waajiriwa wa dola, hawapati faida yoyote kwa kuuza bia nyingi, ila hupata nyongeza kwa chakula na vinywaji visivyolevya. Julai mwaka huo ilifunguliwa Gretna Tavern katika jengo lililokuwa posta, nyumba ya bia iliyokusudiwa tangu mwanzo iwe ya kula. Baadaye msanifu Harry Redfern alichora pabu mpya zenye nafasi, mwanga na vyumba vya kulia. Mpango ule ulidumu hadi 1973. Wanaodhani chakula kizuri kiliingia pabu kwa ajili ya anasa wakumbuke Carlisle: kiliingizwa kama dawa, mfanyakazi ajaze tumbo kabla bia haijampanda kichwani, na kesho yake mikono isitetemeke mbele ya baruti.

Nyama ilipotoka kwenye mgawo wa Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1954, Waingereza walikuwa na njaa ya kwenda nje. Mwaka uliofuata ndugu Frank na Aldo Berni, Waitaliano waliokulia katika biashara ya mikahawa Uingereza, walianza Bristol, katika pabu iitwayo Rummer, kuuza stiki, chipsi na njegere kwa bei iliyojulikana kabla hujaketi. Mamilioni waliokuwa wakiogopa mikahawa ya vitambaa vyeupe na menyu za Kifaransa waliingia bila woga, kwani nyumba ilikuwa pabu. Kuku wa kwenye kikapu akafuata. Miaka ileile wauza jibini walikuwa wakitangaza chakula cha mchana cha mkulima, yaani mkate, jibini na achari, kana kwamba kila mkulima tangu enzi za Nuhu alikula hivyo. Mkate na jibini ni vya kale kweli. Jina na sahani vilitengenezwa na matangazo.

Kisha ikaja puliza. Oktoba 1967 polisi wa Uingereza walianza kuwapulizisha madereva katika kifaa, na mtu aliyezoea kuendesha kilomita kumi kwenda pabu ya kijijini, akanywa na kurudi, alianza kujiuliza mara mbili. Pabu ya mjini ilikuwa na wateja wa miguu. Ya kijijini ilibidi impe mtu sababu nyingine ya kuwasha gari, na sababu iliyofaa zaidi ilikuwa sahani. Mwenye kula hunywa glasi moja ya mvinyo, na bado hulipa zaidi ya mlevi wa pinti nne.

Wachache walikuwa wameliona hilo mapema. Franco Taruschio, Mwitaliano, na mkewe Ann walianza kupika Walnut Tree Inn karibu na Abergavenny, Wales, mwaka 1963, watu wakafuata mashamba na vilima kwenda kula kwao. Mwaka 1983 Denis Watkins alichukua Angel kule Hetton, kijiji cha mabonde ya Yorkshire, akaijaza wateja kwa samaki safi mbali na bahari. Hakuna aliyewaita gastropabu. Jina halikuwapo.

Lililolileta jina lilikuwa tena sheria iliyotaka kitu kingine. Mwaka 1989 serikali ya Thatcher iliamua kwamba viwanda vikubwa vya bia vina pabu nyingi mno. Chenye zaidi ya 2,000 kililazimika kuachia huru nusu ya zile zilizozidi, na muda ulikuwa hadi 1992. Matarajio yalikuwa ushindani na bia nafuu. Viwanda viliuza pabu kwa maelfu, sehemu kubwa ikaangukia kampuni za majengo ambazo zilitoza kodi na kuendelea kumfunga mpangaji kwenye bia. Wapangaji wengi watakwambia walitoka kwa bwana mmoja wakaingia kwa mwingine. Lakini katika msukosuko ule milango kadhaa ilibaki wazi kwa watu wasio na fedha.

Wawili kati yao walikuwa Michael Belben na David Eyre. Januari 1991 walichukua Eagle, pabu iliyochoka katika barabara ya Farringdon, London. Hawakuweza kumudu mkahawa. Jiko waliliweka palepale nyuma ya kaunta, mpishi na mnywaji wakaonana uso kwa uso. Viti havikulingana, sahani hazikulingana, menyu iliandikwa kwa chaki ubaoni na kufutwa kitu kilipokwisha. Uliagiza kaunta, ukalipa kaunta. Chakula kilikuwa cha Ulaya ya kusini, na sahani iliyodumu kuliko zote ni stiki ya Kireno ndani ya mkate. Kwa mtu wa Nairobi au Arusha hakuna jipya hapo: bucha mlangoni, moto katikati, bia mkononi, unachagua nyama ukiitazama. Kwa London ilikuwa habari kubwa, na ndani ya miaka michache waandishi wa chakula walikuwa wameunda neno gastropabu. Jiko ambalo hopsi ililitoa kwenye pabu lilikuwa limerudi.

Mtindo ulitoka mjini ukaenda kijijini kwa kasi, na huko ndiko ulikozaa matunda bora. Mwaka 2001 Stagg Inn ya kijiji cha Titley, Herefordshire, ikawa pabu ya kwanza ya Uingereza kupata nyota ya Michelin. Mpishi wake, Steve Reynolds, alikuwa amefunzwa Le Gavroche, mkahawa wa London wa ndugu walewale wa Bray. Hand and Flowers ya Marlow, iliyofunguliwa na Tom Kerridge na mkewe Beth mwaka 2005, ikawa pabu ya kwanza kupewa nyota mbili katika mwongozo wa 2012.

Mimi ningechagua Sportsman ya Seasalter, pwani ya Kent. Kwa nje ni nyumba ya kawaida kabisa kando ya ukuta wa bahari, upepo na kondoo. Stephen Harris, mtu aliyejifundisha kupika mwenyewe, aliichukua mwaka 1999. Aligundua kwamba katika sensa ya ardhi ya mwaka 1086 eneo lile liliandikwa kuwa mali ya jiko la kanisa kuu la Canterbury: shamba zima kwa ajili ya kulisha watawa. Akaamua kupika kana kwamba hati ile bado ina nguvu. Chumvi anaichemsha kutoka maji ya bahari iliyo mlangoni, siagi anaisukasuka mwenyewe, chaza na kondoo wanatoka jirani. Nyota ilikuja mwaka 2008. Maagizo yaliendelea kuchukuliwa kaunta.

Sasa kuhusu mwenye benchi. Pabu ya kijiji ilikuwa na mzee wake, mwenye kiti chake karibu na moto, nusu pinti ikimchukua saa mbili. Kwa hesabu za gastropabu kiti hicho ni meza ya watu wawili, chakula cha kwanza, cha pili, kitindamlo na chupa. Hakufukuzwa. Siku moja alikuta kikaratasi juu ya meza kinachosema imewekwa, akasimama, na wiki iliyofuata hakuja. Mwaka 2011 wahariri wa Good Food Guide, mwongozo wa chakula wa tangu 1951, walilifuta neno gastropabu wakiona limechakaa: kila nyumba yenye ubao wa chaki na samaki wa bei kubwa ilikuwa imejiita hivyo.

Hata hivyo anayelaumu jiko atazame takwimu. Mwaka 2000 Uingereza nzima ilikuwa na pabu zipatazo 60,000. Miaka ishirini baadaye zilikuwa chini ya 48,000. Bia ya supamaketi ilikuwa rahisi, sigara ilipigwa marufuku ndani Julai 2007, na jengo la pabu kijijini liliuzika vizuri zaidi likiwa nyumba ya kuishi. Mzee yule angekosa benchi lake kwa vyovyote. Palipokuwa na mpishi, walau mlango ulibaki wazi.

Mwaka 2020 dola ilikumbuka tena somo la Carlisle, safari hii kwa kichekesho. Pabu zote zilifungwa usiku wa tarehe 20 Machi kwa sababu ya korona. Desemba, katika maeneo mengi ya nchi, ziliruhusiwa kuuza pombe kwa sharti moja: iandamane na mlo kamili. Ni nini mlo kamili? Mawaziri waliulizwa kuhusu yai lililovikwa nyama, ndugu wa eggchop ya kwetu. Mmoja akasema linatosha. Mwingine akasema ni kitafunwa, kisha siku hiyohiyo akakubali kwamba ni mlo. Taifa lililotawala robo ya dunia likakaa kujadili yai, na waliokuwa na jiko wakafungua huku waliouza bia tupu wakibaki wamefunga.

Kaskazini kabisa, kwenye vilima vya Cumbria, kijiji cha Hesket Newmarket kilitafuta njia yake. Mwaka 1988 bia ilianza kupikwa ghalani, nyuma ya pabu ya Old Crown, hatua chache kutoka mezani, kama enzi za mama wa kitita cha majani. Mwaka 1999 wenyeji na marafiki walikinunua kiwanda hicho kidogo kiwe ushirika, na mwaka 2003 zaidi ya watu mia moja walichanga wakainunua pabu yenyewe, inayosemwa kuwa ya kwanza nchini kumilikiwa kwa ushirika. Chakula kipo. Nyota haina hata moja. Kati ya nyumba zote za leo nilizozitaja hapa, ndiyo pekee ambayo neno umma linaisema kweli, kwa hati ya mali.